Mnyoo asiye na mdomo, na oksijeni anayoivuta

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Riftia pachyptila, mnyoo wa chemchemi za moto zilizo chini ya bahari, ni vipi anavumilia maji ya nyuzi 350 za Selsiasi. Havumilii. Maji ya joto hilo hufoka kwenye mabomba ya mawe yanayotoa moshi mweusi, na mnyoo huyu akitumbukia humo ataiva. Yeye hukaa pembeni, penye nyufa zinazochuruzika maji ya uvuguvugu, aghalabu chini ya nyuzi 30, huku maji yanayomzunguka yakiwa na baridi ya nyuzi 2 hivi.

Wanajiolojia waliozamia katika nyambizi Alvin mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, walimkuta kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Ana urefu unaoweza kufika mita mbili, lakini hana mdomo wala utumbo. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, aliyekuwa bado mwanafunzi Harvard, alionyesha kwamba mwilini mwa mnyoo huyo mmejaa bakteria, nao ndio wanaomlisha: huunguza sulfidi ya haidrojeni kwa oksijeni, na kwa nishati hiyo hugeuza kaboni dioksaidi kuwa chakula.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Maji ya moto yana sulfidi lakini hayana oksijeni. Maji ya baridi yana oksijeni lakini hayana sulfidi. Zikikutana huanza kulana zenyewe. Isitoshe, sulfidi ni sumu, huzuia seli zisipumue kama sianidi inavyofanya. Riftia hutandaza shungi lake jekundu pale maji hayo mawili yanapokutana, na himoglobini, protini ya damu yake, hushika gesi zote mbili kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, hadi izifikishe kwa bakteria bila kumdhuru. Katika wanyama wote niliowasoma, sijaona damu inayonistaajabisha kuliko hii.

Ndiyo maana sikubali anapoitwa kiumbe asiyetegemea jua. Ile oksijeni imetengenezwa na mimea na mwani kwenye mwanga, ikashuka na maji ya baridi yanayozama karibu na ncha za dunia. Bila hiyo, bakteria wake hawawezi kuunguza sulfidi, naye atakufa njaa. Sifa hiyo inawafaa zaidi vijidudu vya chemchemi hizohizo vinavyounganisha haidrojeni na kaboni dioksaidi na kutoa methani, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji oksijeni hata kidogo.