Ushauri nasaha Kusini: wahitaji wapo, mlipaji ni nani?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa na mtu nusu saa kabla hajatobolewa kidole. Miaka hiyo, ukitaka kupima virusi vya Ukimwi hapa Mtwara, ulipita kwanza kwa mshauri nasaha. Unaelezwa kipimo ni nini, unaulizwa majibu yakija hivi utafanyaje, yakija vile utamwambia nani. Tulikuwa wengi, na wengi wetu tuliajiriwa kwa kazi hiyo hasa. Novemba 2019 Bunge lilirekebisha sheria: mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Lilikuwa jambo jema kwa afya ya watu, na bado naliunga mkono. Lakini ile nusu saa yangu ikaingia ndani ya kiboksi cha kipimo chenye maelezo na michoro.

Naanzia hapo kwa sababu karibu kila mwezi kijana anayesoma saikolojia au ushauri na unasihi ananiuliza kama akili mnemba itatumaliza. Wa mwisho aliniandikia usiku: "Shikamoo mwalimu. Nikae Mtwara, nitafute njia ya kwenda nje, au nibadilishe fani mapema?" Nilimwitikia marahaba, nikamwomba anipe wiki. Haya ndiyo niliyomwambia.

Sehemu ya kazi yetu ilishaondoka kabla mashine haijajua kuandika sentensi. Iliyoondoka ni ile ya kutoa maelezo. Iliyobaki ni ya yule aliyeona mistari miwili ya kipimo, yaani dalili ya kuwa na virusi, saa tano za usiku, peke yake, na hajui amwamshe nani. Huyo hajapungua. Kwa ninavyoona mimi, ameongezeka.

Wahitaji, basi, si tatizo. Oktoba inapoingia na fedha za minada ya korosho zikaanza kufika kwenye akaunti za wakulima, ndipo ninapopata wateja wengi zaidi: ndoa zinazovunjika kwa sababu ya akaunti ya mume, vijana walioingia kwenye uraka, pombe ya mabibo, na hawatoki, akina mama ambao msimu umekwisha na ada ya mtoto haijalipwa. Kuna na huzuni ya mpakani. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji chetu cha Kitaya. Familia za huku zina ndugu ng'ambo ya mto, zinazika na kulia pande zote mbili. Waliokuja kwangu baada ya hapo hawakusema wana msongo. Walisema "moyo unakwenda mbio", "kichwa kinawaka", "mawazo yamenizidi".

Tatizo ni mlipaji. Kwa miaka mingi, katika vituo nilivyofanyia kazi mimi, aliyelipa mshahara wa mshauri nasaha alikuwa mradi. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanza 2003, ulibeba sehemu kubwa ya huduma hizo nchini. Tarehe 20 Januari 2025 ilitoka amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likaacha kuendesha misaada. Nina wenzangu wenye uzoefu wa miaka kumi na zaidi ambao mikataba yao ilisimama ndani ya wiki chache. Mmoja sasa anauza vitenge Masasi. Ni mshauri bora kuliko mimi, na inaniuma kila ninapopita dukani kwake.

Kwa hiyo nilimwambia kijana wangu: kabla ya kuiogopa mashine, fungua mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usome majina ya kada. Usiangalie jina la shahada yako lina mvuto gani, angalia tangazo linamtaja nani. Mara nyingi utamkuta afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri au hospitali, au mwalimu ambaye ushauri na unasihi ni jukumu la ziada juu ya vipindi vyake vya Jiografia. Ukichagua masomo ya kuongezea, chagua yanayokuingiza kwenye kada iliyopo. Nimeona wahitimu wazuri wakihangaika miaka mitatu kwa sababu cheti chao hakikuwa na mlango wa kuingilia.

Kuhusu kwenda nje, naliheshimu wazo hilo na simzuii mtu. Uhitaji upo kweli. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani ilikadiria kuwa ajira za washauri wa afya ya akili na uraibu zingeongezeka kwa asilimia 19 kati ya 2023 na 2033. Lakini muuguzi akihama, mikono yake inahama naye, na mshipa wa damu uko palepale kwa Mmarekani na kwa Mmwera. Chombo chetu sisi ni lugha. Huko utasikiliza uchungu wa mtu kwa lugha ambayo hujawahi kulilia ndani yake, na vyeti vyako vitapimwa upya. Kila jimbo la Marekani lina leseni yake, na inadai shahada ya uzamili pamoja na maelfu ya saa za kazi chini ya msimamizi. California peke yake inataka saa 3,000. Kanada inategemea mkoa: Ontario imelinda jina la mtaalamu wa tiba ya mazungumzo tangu 2015, lakini si mikoa yote iliyofanya hivyo. Uingereza jina "mshauri nasaha" halijalindwa kisheria, ila waajiri wengi hudai uanachama wa chama cha kitaaluma, na wanasaikolojia wa tiba wana msajili wao wa kisheria. Hata jirani zetu Kenya wana Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, hivyo usidhani Nairobi utapita tu kwa sababu ya Kiswahili.

Kuna anayeniambia atakaa hapahapa Shangani, Mtwara, na kuwahudumia Watanzania walioko nje kwa simu ya video. Wazo zuri, na wateja wapo. Ajue tu kwamba Marekani leseni hufuata mahali mteja alipokaa, si alipokaa mshauri. Ulizia kwanza.

Sasa mashine. Si ngeni kama tunavyodhani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu yake ELIZA, iliyojibu kwa kugeuza maneno ya mtu kuwa swali, na alishangaa kuona watu wakiifungulia mioyo. Za leo ni hodari zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Dartmouth walichapisha jaribio la Therabot, roboti ya mazungumzo, ambalo watu wenye sonona walipata nafuu ya dalili kwa wastani wa asilimia 51. Siyapuuzi matokeo hayo. Wala sisahau kuwa 2023 shirika moja la Marekani la kusaidia wenye matatizo ya ulaji lilizima roboti yake kwa kuwa iliwapa ushauri wa kupunguza uzito, wala kwamba Agosti 2025 jimbo la Illinois lilipiga marufuku tiba ya akili inayotolewa na mashine.

Mimi niliijaribu moja kwa Kiswahili. Niliandika maneno niliyowahi kuambiwa na kijana wa Newala: "Nimechoka. Nataka nipumzike sasa." Ikanishauri nilale mapema na nipunguze chai. Msomaji wa Kiswahili anajua kupumzika kwa namna hiyo ni kupumzika gani. Yule kijana aliponiambia, niliacha kalamu, nikamuuliza moja kwa moja kama anafikiria kufa. Akanyamaza muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Jioni ile nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka hospitali, kaka yake akiwa naye.

Pengine mwakani mashine itaelewa neno hilo. Naiombea ielewe, maana vijana wanaiendea, na sababu yao ni ya kweli: huku kila mtu ni ndugu wa mtu. Binti wa Mikindani haji ofisini kwangu kwa sababu ananifahamu na anajua ninasali na shangazi yake. Simu haisali na mtu. Hapo ndipo tunaposhindwa, na dawa yake ni siri inayotunzwa kweli: mlango wa nyuma, kabati lenye kufuli, na kutoingiza maneno ya mteja kwenye programu yoyote bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kinachonipa matumaini zaidi kilianzia Zimbabwe. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa wanaosikilizwa hupata nafuu ya kweli. Niliposoma nikawakumbuka makungwi na manyakanga wetu, ambao wamekaa na wasichana wa Kusini ndani ya unyago vizazi kwa vizazi. Nimeanza na akina mama watano, wawili kati yao makungwi. Wao wanasikiliza, mimi nasimamia na kupokea rufaa za mambo mazito. Chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima kimekubali kuchangia nauli na posho yao msimu huu. Msimu ujao tutaomba tena.

Kijana wangu nimemshauri aombe uzamili popote atakapo, hata nje. Ila kabla ya hapo atakaa miezi sita na akina mama hawa. Jumamosi hii tuna kikao cha usimamizi saa tatu asubuhi, na nimemwambia aje na daftari tupu.