"Fundi, si unaflashi tu?"

Wateja wa iPhone za kuagizwa wananiua na swali hilo. Simu imetoka Marekani, imepitia Dubai, laini ikiwekwa inagoma. Hapana, siflashi; kuweka programu ya simu upya hakusaidii hapa. Na fundi anayekuahidi kuiflashi ifunguke anataka kula hela yako.

Simu nyingi za Marekani huuzwa kwa mkopo na kampuni za mtandao kama AT&T na T-Mobile, zikiwa zimefungwa zikubali laini za kampuni hiyo tu. Kufuli hilo fundi halifikii kwa kompyuta yake, maana liko kwenye seva za Apple, limefungwa kwa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu. Weka iOS, ule mfumo wa iPhone, upya hata mara kumi: simu ikiwaka inauliza seva, na seva inajibu vilevile. Wa kuomba ifunguliwe ni kampuni iliyoiuza, nayo haifungui deni likiwa halijaisha. Mwenye deni yuko zake Texas, simu keshauza, hana habari na wewe.

"Mbona ya jirani ilifunguliwa?" Ilitiwa R-SIM, kile kichipu chembamba kinachokaa chini ya laini na kuidanganya simu. Kinapeta mpaka siku utakaposasisha iOS, kisha mtandao unapotea na lawama zinakuja kwangu. Halafu iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina hata tundu la laini, ni eSIM tupu, laini iliyojengwa ndani ya simu. Hicho kichipu utakipachika wapi?

iCloud, akaunti ya Apple ya mwenye simu, ni balaa jingine, msichanganye. Hilo ni kufuli la mwenye simu, lipo tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na linataka nywila yake. Simu ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, irudishe ulikoinunua leo hii.

Eti simu za Dubai zote feki. Wapi! Nyingi ni halisi, hazikupita tu kwa msambazaji rasmi wa hapa Tanzania. Kinachokuponyoka mara nyingi ni garantii.

Eti IMEI ukiituma kwa meseji kwenda 15090 ikaleta jina sahihi la simu, simu ni safi. Huduma ile inakusaidia kunasa feki, kama zile TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizozizima Juni 2016. Mambo ya kufungwa mtandao Marekani haiyajui.

Eti Samsung ambayo boksi lake limekatwa muhuri ni used. Si lazima. Samsung nyingi zikiwa mpya hutaka kwanza laini ya eneo zilikouzwa na maongezi ya dakika tano, ndipo zikubali laini za kwingine. Muuzaji mjanja hufungua boksi hukohuko, akapiga, akalirudishia.

Kwa iPhone, kabla hujatoa hata shilingi, ingia Settings, General, About, tafuta Carrier Lock. Isomeke "No SIM restrictions". Kisha weka laini yako, piga, ongea. Muuzaji akisema laini yako ndiyo mbovu, mwambie aweke ya kwake.