Muundi umevunjika karibu na kifundo: msumari au bamba?

Pemba, mtu kuporomoka mkarafuuni si habari ngeni. Unguja ni vespa na bodaboda. Mara nyingi kinachovunjika ni muundi, tena chini kabisa, vidole vichache juu ya kifundo. Haya ni maswali ambayo jamaa za mgonjwa huuliza.

Baba kaambiwa atapigwa msumari, lakini jirani yetu alitiwa bamba. Nani kakosewa?

Hakuna aliyekosewa. Msumari ni fimbo ya chuma inayoingizwa kutokea gotini na kupita ndani ya mfupa, kwenye tundu la uboho, kisha hufungwa kwa skrubu juu na chini. Bamba hulazwa ubavuni mwa mfupa, chini ya ngozi, nalo likakazwa kwa skrubu.

Tabu ya msumari ni umbo la mfupa wenyewe. Katikati muundi ni mwembamba, lakini ukikaribia kifundo unatanuka, na msumari hucheza humo kama mchi kwenye kinu. Daktari asipokuwa mwangalifu mfupa huunga upande. Tena goti huweza kuuma muda mrefu, na anayesali ataliona hilo kwenye kusujudu. Mwambieni daktari mapema kama baba husali chini au kwenye kiti.

Bamba hunyoosha mfupa vizuri zaidi, ila shida yake ni ngozi. Pitisha kidole gumba kwenye muundi wako, toka gotini hadi chini: hakuna nyama, ni ngozi kisha mfupa. Bamba likiwekwa hapo, kidonda kinaweza kukataa kufunga au kikaingia usaha.

Basi kipi bora?

Uingereza walilinganisha watu wazima 321 waliovunjika hapo hapo, nusu msumari, nusu bamba, na matokeo yakatoka 2017. Waliopigwa msumari walikuwa na nafuu zaidi mwezi wa tatu, lakini ilipofika miezi sita tofauti ya maana haikuwepo. Kwa hiyo mimi nisingegombana na daktari juu ya jina la chuma. Ningemuuliza: ngozi ikoje, ufa umeingia kwenye kifundo au la, na yeye mwenyewe kazoea kipi? Ufa ukiingia kwenye kifundo, mara nyingi bamba ndilo linalofaa, kwa kuwa vipande vya kwenye kiungo lazima virudi sawasawa.

Mbona siku ya nne hii hajapelekwa tiata?

Huenda wanasubiri uvimbe upungue. Ngozi ikiwa imevimba na kung'aa, kuipasua ni kutafuta kidonda kisichopona. Daktari huitazama kila siku mpaka ianze kufanya makunyanzi madogo madogo. Hapo ndipo hupanga siku. Wakati mwingine mguu hufungwa kwanza vyuma vya nje ili mfupa utulie.

Mfupa uliotoboa ngozi ni jambo jingine: huyo hasubiri. Dawa ya kuua vijidudu aanzishiwe mara moja, achomwe sindano ya pepopunda, na kidonda kisafishwe tiata.

Tuna fundi wa mifupa mtaani, hawezi kumkanda?

Asikandwe. Kuchua mfupa mbichi husogeza vipande, na bandeji iliyokazwa sana huzuia damu. Maumivu yakizidi hata baada ya dawa, mguu ukiwa mgumu kama ubao, akapiga kelele ukimnyoosha vidole au vikafa ganzi, mrudisheni spitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mkichelewa, nyama za mguu hufa.

Atakanyaga lini?

Wa msumari mara nyingi huruhusiwa mapema kuliko wa bamba. Mpaka aruhusiwe, ni magongo. Na aache sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga.

Chuma kitatolewa?

Si lazima, wengi huishi nacho. Kikimkera, kwa mfano bamba linaposuguana na kiatu, kinaweza kutolewa mfupa ukishaunga barabara, aghalabu baada ya mwaka au zaidi.