Odysseus, Calypso na lile neno "tena"

Kila nikifundisha Odyssey, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale kuhusu Odysseus, mfalme wa Ithaca, anavyorudi kwao kutoka vita vya Troy, hakosi mwanafunzi wa kumtetea mume huyo: "Lakini mwalimu, Odysseus alilazimishwa." Anamaanisha kwa Calypso, mungu mke aliyemzuia kisiwani mwake. Na kweli, katika kitabu cha 5 tunamkuta ufukweni akilia, macho baharini, na usiku analala pangoni na mungu mke yule, mmoja anataka, mwingine hataki. Ila soma mstari unaotangulia. Homer anasema Odysseus alilia kwa sababu Calypso hakumpendeza tena. Kigiriki chake ni ouketi, na Kiswahili kinalipokea neno hilo bila taabu. Asiyekupendeza tena aliwahi kukupendeza. Miaka saba alikaa pale. Kabla yake alikaa kwa Circe, mungu mke mchawi, mwaka mzima, nyama na divai, mpaka mabaharia wake wakamkumbusha kwamba ana kwao.

Huko Ithaca, Penelope, mkewe Odysseus, ana waposaji 108 wanaomalizia mifugo yake. Mchana anafuma sanda ya mkwewe Laertes, usiku anaifumua, na hila hiyo inamvusha miaka mitatu. Hakuna mwanamume aliyemgusa. Hata hivyo, kule kuzimu, Odysseus alikofika safarini, mzimu wa Agamemnon, jemadari wa Wagiriki aliyeuawa kwa njama ya mkewe Clytemnestra, unamwambia arudi kwa siri, maana wanawake si wa kuaminiwa. Unakiri kwamba Penelope si mtu wa kuua mume, lakini usia ni uleule. Huyu ni Agamemnon aliyerudi kutoka Troy na Cassandra, binti mfalme aliyemteka, na ambaye katika Iliad, utenzi mwingine wa Homer kuhusu vita hivyo, alitangaza mbele ya jeshi kwamba anamtaka mateka wake Chryseis kuliko Clytemnestra, mkewe wa ndoa.

Wapo wanaoniambia kwamba kuuliza kwa nini mume na mke wanapimwa kwa vipimo viwili ni kumbebesha Homer fikra za leo. Nawarudisha kitabu hichohicho cha 5. Hermes, mjumbe wa miungu, anapoleta amri ya Zeus, mfalme wao, kwamba Odysseus aachiliwe, Calypso anawaka: ninyi miungu mna wivu, hamvumilii mungu mke akilala na mwanadamu waziwazi. Anatoa mifano. Eos, mungu mke wa alfajiri, alimchukua mwanadamu Orion, na mungu mke Artemis akamuua Orion kwa mishale. Demeter, mungu mke wa mavuno, alilala na mwanadamu Iasion katika shamba lililolimwa mara tatu, Zeus akampiga Iasion kwa radi. Zeus huyu, katika Iliad, anamtongoza mkewe Hera kwa kumhesabia wanawake aliowahi kulala nao, na Demeter yumo katika orodha! Basi lalamiko ni la Homer mwenyewe, mimi nimelikuta.

Lakini Calypso ni mungu, ana nafasi ya kufoka. Wajakazi hawana.

Nyumbani mwa Odysseus wamo wajakazi 50, na 12 kati yao walilala na waposaji. Katika kitabu cha 20 wanatoka usiku wakicheka. Katika kitabu cha 22, Odysseus akiwasomea waposaji mashtaka yao, anasema mlilala na wajakazi wangu kwa nguvu, kwa Kigiriki biaios. Neno ni lake. Mistari mia nne hivi baadaye, wajakazi hao 12 wanaambiwa wabebe maiti, wasugue meza na viti kwa sponji, kisha wauawe. Odysseus ameagiza upanga. Mwanawe Telemachus anaona hicho ni kifo cha heshima mno, anachukua kamba ya merikebu na kuwaning'iniza safu moja, kama njiwa walionasa wavuni. Miguu yao ilitikisika kidogo, si kwa muda mrefu. Homer anaipa miguu hiyo mstari, wenye miguu hawapi hata neno.

Walicheka au walilazimishwa, kwa bwana wao ilikuwa hesabu moja: ni mali yake, na mtu mwingine ameigusa. Aliyemtajia wa kuuawa ni Eurycleia, naye mjakazi, aliyenunuliwa zamani na Laertes kwa thamani ya ng'ombe 20. Homer anatuambia Laertes hakulala naye kamwe, akiogopa hasira ya mkewe. Jambo la kawaida lisingehitaji kutajwa.

Wakati kamba inavutwa uani, Penelope yuko juu, amelala. Usiku huo mumewe anamsimulia safari nzima, naye usingizi haumchukui mpaka amalize. Kuhusu Circe, anamtajia hila za mchawi huyo. Kuhusu Calypso, anasema alimzuia, akamlisha, akamwahidi kutokufa, wala hakuushawishi moyo wake. Lile "tena" halimo.