Upepo wa Breki Uingie Kitovuni mwa Disiki

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea Subaru Impreza yake, ile ya toleo la GDA yenye kalipa (vibanio vya padi) za pistoni nne, akashuka amejaa furaha. "Fundi, upepo wa breki nimeshaweka mwenyewe. Niangalizie padi tu." Nikaingia chini ya gari na tochi. Nikakuta paipu nyeupe ya PVC, ile ya maji machafu ya bafuni, imeanzia kwenye tundu la taa ya ukungu, imepinda kona tatu kali, kisha ikaachwa inaning'inia nyuma ya gurudumu, mdomo ukiitazama kalipa. Mdomo wenyewe ulikuwa umelegea na kukunjamana. Padi zilikuwa zimeungua, zinapukutika ukizigusa kwa kucha.

Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze. Wote wanne wana imani moja, kwamba breki ni kama kikombe cha chai, ukiipuliza popote inapoa. Nimelieleza jambo hili chini ya magari hadi sauti imekauka. Sasa naliandika.

Disiki ya mbele ya gari kama hilo ni sahani mbili za chuma cha kalibu, na kati yake kuna mbavu. Gurudumu likizunguka, hewa iliyo baina ya mbavu hurushwa nje kwenye ukingo, na hewa nyingine huvutwa kutoka katikati, pale kwenye kitovu, kujaza nafasi. Yaani disiki ni feni. Inafanya kazi hiyo hata bila paipu yoyote. Shida yake ni kwamba inavuta hewa ya mle ndani ya gurudumu, ambayo imeshapashwa moto na disiki hiyohiyo, kalipa na habu inayobeba gurudumu. Paipu ina kazi moja tu: kuifikishia feni hiyo hewa baridi mlangoni kwake. Mlango ni kitovu. Si uso wa disiki, wala si kalipa.

Watu huniuliza, "Sasa nikipuliza usoni kuna ubaya gani, si bado ni upepo?" Ubaya upo. Kwanza, unaopoa ni uso wa ndani peke yake. Uso wa nje, ulio upande wa rimu, unabaki na moto wake. Sahani moja inasinyaa na nyingine imetanuka, na zote mbili zimeshikana kwa mbavu. Disiki inajikunja kidogo kama sinia lililowekwa motoni upande mmoja, padi zinaanza kula kwa mshazari, na baada ya muda unaona nyufa nyembamba upande mmoja tu. Pili, ukijumlisha eneo la kuta za ndani pamoja na mbavu zote, ni kubwa kuliko uso huo mmoja unaoupuliza, na hewa ikipita humo inapita kwa lazima, haina pengine pa kukimbilia. Hewa inayopiga uso inagonga na kutawanyika, nyingi inatoka kupitia madigadi bila kufanya kazi yoyote.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulipita. Fungua disiki yako uiangalie: kofia, ile sehemu ya katikati inayofungwa kwenye habu, imeshikana na sahani ipi? Disiki nyingi kofia yake imeungana na sahani ya nje, kwa hiyo mbavu ziko wazi kwa ndani, upande wa injini. Hapo paipu inayotokea ndani inaingiza hewa barabara. Lakini zipo disiki ambazo kofia imeungana na sahani ya ndani, na mlango wa hewa uko upande wa rimu. Kwa disiki ya namna hiyo unaweza kujenga paipu nzuri kuliko zote Nairobi, na hewa yake haitaingia popote. Ukinunua disiki za kampuni nyingine kwa gari lilelile, usidhani zimetengenezwa sawa na za mwanzo. Ingiza kidole. Kikigusa mbavu kutoka upande wa ndani, endelea na kazi.

Na mbavu zilizopinda. Kama disiki zako zina mbavu za kupinda, kuna ya kushoto na ya kulia. Mbavu zinatakiwa zilale kinyume na mzunguko: ukifuata ubavu kutoka kitovuni kwenda ukingoni, uelekee nyuma ya mwendo wa gurudumu, kama zilivyo panga za ndani ya pampu ya maji. Watu wanazifunga wakitazama ile michoro iliyochongwa usoni, kwa sababu inapendeza ikielekea mbele. Michoro ya usoni haisemi lolote kuhusu upande. Chungulia ukingoni uone mbavu zenyewe. Mbavu zilizonyooka hazina shida hiyo, zinasukuma sawa pande zote.

Sasa matundu. Kijana wangu alikuwa amenunua disiki zenye matundu usoni, akaniambia, "Hata Formula 1 wanatumia, fundi." Ni kweli, disiki ya kaboni ya Formula 1 ina matundu zaidi ya elfu moja. Lakini yatazame yako wapi! Yametobolewa kwenye unene wa disiki, yanatoka kitovuni na kutokea ukingoni. Hayo matundu ndiyo mbavu zao. Yanafanya kazi ileile ninayoipigania hapa, ya kupitisha hewa kutoka katikati kwenda nje. Tundu la usoni kwenye disiki ya chuma linapunguza chuma cha kubeba joto, na ukiliendesha gari kwenye saketi ya mashindano ndipo nyufa zinapoanzia. Nikiletewa disiki isiyo na tundu wala mchoro, ndiyo ninayoifunga kwa moyo mweupe.

Chuma chenyewe kinabeba mzigo gani? Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na dereva, lishushe kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60. Umebadilisha takriban megajuli 1.2 za mwendo kuwa joto. Breki za mbele zinachukua kama asilimia 70, yaani kila disiki ya mbele inapokea takriban megajuli 0.4. Disiki yenye kilo 7 za chuma inapanda zaidi ya digrii 100 kwa mkanyago huo mmoja. Sasa weka kona tano kali kwenye mzunguko mmoja, uzunguke mara kumi. Ukanyage ukijua kwamba kati ya kona na kona una sekunde chache tu za kulitoa joto hilo.

Kabla hujagusa bati wala mpira wa upepo, jua ni kitu gani kinachokushinda. Pedali ikizama laini hadi chini, mafuta ya breki yamechemka. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, padi zimepita joto lake. Haya ni magonjwa mawili na dawa zake ni mbili. DOT 4 mpya, aina ya mafuta ya breki, inatakiwa isichemke chini ya digrii 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinashuka hadi 155. Magari mengi yanayokuja kwangu yana mafuta yenye rangi ya chai ya rangi, yamekaa humo tangu gari literemshwe Mombasa. Badilisha mafuta, weka padi zinazofaa, ndipo tuzungumze habari za upepo. Wengi wenu mngeishia hapo mkatosheka.

Kwa anayetumia gari barabarani tu, upepo wa breki hauna faida. Ukishuka eskapmenti ya Mai Mahiu breki zikanuka, tatizo ni gia uliyochagua. Tia ya tatu, acha injini ikushike. Malori yaliyokuwa yakiangamiza watu kwenye mteremko wa Salgaa mengi yaliteremka yakiwa huru, gia imetolewa ili kuokoa mafuta. Hakuna paipu ingeyaokoa.

Haya, ujenzi. Kwenye Subaru una bahati kwamba intakula, kile kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini na inapata upepo wake kwenye boneti, kwa hiyo huiibii kitu ukichukua hewa ya bampa. Tundu la taa ya ukungu linafaa, ingawa karibu na katikati ya bampa presha ni kubwa zaidi. Mdomo uwe na kingo za mviringo, kama mdomo wa tarumbeta, maana ukingo mkali unaivuruga hewa kabla haijaanza safari. Wavu wa kuzuia mawe unakula upepo, lakini kama unapita murram kufika saketi, uweke, au ziba midomo kwa sponji uitoe ukifika.

Mpira, yaani paipu yenyewe, uwe ule wa kitambaa cha nyuzi za kioo uliopakwa silikoni, wenye waya wa kuzunguka. Unavumilia zaidi ya digrii 250. PVC inalegea karibu na digrii 80, na ile ya aluminiamu ya kukunja inapasuka kwa mtikisiko baada ya wiki. Kipimo ni inchi 3 ikiwezekana. Eneo la inchi 3 ni karibu mara moja na nusu ya inchi 2 na nusu, na ukikosa nafasi, bora inchi 2 na nusu iliyonyooka kuliko inchi 3 iliyobanwa ikawa bapa kwenye kona. Kila kona kali unalipia.

Sehemu inayoamua kila kitu ni bati la ndani. Toa lile bati la vumbi la kiwandani, lichore kwenye karatasi ya boksi, kisha ongeza katikati ili lizibe mlango wote wa kitovu na kubakiza nafasi ya habu na shafti. Hapo katikati toboa tundu, chomelea kipande cha bomba cha inchi 3 kwa mshazari, kikitazama mbele. Mimi natumia bati la chuma la geji 18. Vijana wa Kamukunji wanaoyakunja masanduku na majiko watakufanyia mkunjo safi ukiwapelekea kielelezo. Usiwape mabati ya kuezekea wachomelee, kwa sababu zinki ikiungua moshi wake unaleta homa. Kati ya bati na disiki acha milimita 4 au 5, hakikisha waya wa sensa ya ABS na mpira wa bol-joint havipigwi na kitu, kaza kwa klipu mbili kila ncha.

Kisha geuza usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, gurudumu likining'inia, halafu tena mkono wa chini wa suspensheni ukiwa umeinuliwa kwa jeki hadi mwisho wake. Kipimo cha gari limesimama sakafuni hakitoshi hata kidogo. Mpira ukigusa shafti inayozunguka, utakatika siku hiyohiyo.

Kama haya yote ni mengi, ipo njia ya mkato ninayoiheshimu. Porsche kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga kibao cha plastiki kwenye mkono wa chini wa gurudumu, kinachoshika upepo unaopita chini ya gari na kuuelekeza ndani kwa disiki. Hakina mpira wala klipu. Kinapanda na kushuka pamoja na mkono, hakikwaruzi kitu. Nimekata cha aina hiyo kwa plastiki ya ndoo nene, kikafanya kazi kuliko ile paipu ya PVC iliyotazama kalipa.

Kuna mambo ambayo sina uhakika nayo, na sitayaficha. Niliwahi kupaka rangi za joto kwenye kingo za disiki, zile tatu: kijani inabadilika digrii 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Kushoto nilifunga bati na mpira, kulia sikufunga kitu. Baada ya mizunguko, kushoto ilibadilika kijani pekee, kulia ikabadilika na ya chungwa. Nilifurahi sana. Lakini saketi ile ina kona nyingi za upande mmoja, na gurudumu la nje halifanyi kazi sawa na la ndani, na sikupata muda wa kuhamisha mpira kwenda upande wa pili nikarudia. Kwa hiyo naamini unasaidia. Kusema unasaidia kwa digrii ngapi, siwezi.

Sina hakika pia na vipimo tunavyosoma kutoka Ulaya. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezoea hewa nzito ya pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Upepo uleule, kwa kasi ileile, unabeba joto pungufu. Mafuta nayo yanachemka mapema kidogo hapa juu, hasa mguu ukiwa nje ya pedali na presha imeshuka. Ndiyo maana naegemea inchi 3 hata pale vitabu vya wenzetu vinaposema inchi 2 na nusu inatosha. Labda nazidisha. Asubuhi ya baridi, padi za saketi zikiwa hazijashika moto, nimeona gari lenye upepo mwingi likipitiliza kona ya kwanza kwa sababu breki zilikuwa baridi mno.

Na ukimaliza mizunguko, usiegeshe gari papo hapo. Gari likisimama feni imesimama, paipu haina upepo, na joto lote la disiki linapanda kwenye kalipa na mafuta. Zunguka mara moja taratibu, kisha egesha bila kuvuta brekihandi, weka gia, zuia matairi kwa jiwe.

Kijana yule nimemtolea PVC yake, nikamwonyesha kitovu kwa kidole. Leo amerudi na karatasi ya boksi aliyoichora mwenyewe, tundu liko katikati barabara. Kesho tunaipeleka Kamukunji.