Je, wajua kwa nini boksi la Kwaresima hupelekwa nyumbani likiwa tupu?

Jumatano ya Majivu inapofika, watoto wa shule nyingi za Kikatoliki nchini Marekani hurudi nyumbani na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na ndani ya begi wana karatasi ngumu iliyolala bapa. Mtoto huikunja mwenyewe kwa kufuata mistari, kona zinaingia mahali pake, na karatasi inakuwa kijisanduku chenye mwanya wa sarafu juu. Kitakaa juu ya meza ya chakula mpaka Pasaka ikaribie. Jina lake ni Rice Bowl, yaani bakuli la wali.

Mzazi aliyehamia huko kutoka kwetu, aliyezoea michango ya shule, atauliza kwanza: wanataka kiasi gani? Hakuna kiasi. Kinachotakiwa ni kile ambacho familia ingekila lakini haikukila.

Tuseme ni Ijumaa jioni, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama wakati wa Kwaresima. Badala ya kuku, sufuria ina dengu. Mama anapiga hesabu mbele ya mwanawe: kuku angekula dola nane, dengu hizi ni dola mbili. Zile sita zilizobaki mtoto anazitumbukiza kwenye boksi, na wote wanakaa kula dengu. Ndiyo maana boksi huwekwa mezani, wala si kwenye dawati la mwalimu. Ladha ya chakula na mlio wa sarafu vinapaswa kukutana mahali pamoja.

Mpango huu ulianzia Allentown, Pennsylvania, mwaka 1975. Wakati huo ukame ulikuwa umeitesa vibaya kanda ya Sahel barani Afrika, na padri mmoja wa jimbo Katoliki la Allentown, Monsinyori Robert Coll, pamoja na waamini wa madhehebu mengine, waliwahimiza watu wa mji wao wale mlo mdogo na kuweka tofauti ya bei kwenye bakuli. Mwaka uliofuata Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lilifanyika Philadelphia, katika jimbo hilohilo la Pennsylvania, likiwa na mada ya njaa za binadamu, na bakuli la Allentown likajulikana nchi nzima. Baadaye likakabidhiwa CRS (Catholic Relief Services), shirika la misaada la maaskofu wa Marekani, ambalo hadi leo lina kazi Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo.

Hata hivyo, wazo lenyewe ni la kale kuliko Amerika tunayoijua. Andiko la Kikristo la karne ya 2 lililotungwa Roma, Mchungaji wa Herma, linafundisha kwamba siku ya kufunga uonje mkate na maji tu, kisha ukadirie gharama ya chakula ambacho ungekila, umpe mjane, yatima au mhitaji. Hesabu ya yule mama mbele ya sufuria ya dengu ni hiyohiyo.

Lakini kwa nini watoto, ambao Kanisa haliwalazimishi kufunga? Kanuni ya 1252 ya sheria ya Kanisa inaanza kumkataza mtu nyama akishatimiza miaka 14, na kufunga chakula kunawahusu walio na miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Mtoto wa darasa la pili yuko nje kabisa. Ila kanuni hiyohiyo inaendelea: wachungaji na wazazi wahakikishe kwamba hata wale wasiobanwa na sheria kwa sababu ya umri wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Boksi linajibu agizo hilo. Mtoto hawezi kushinda na njaa, lakini pipi moja anaweza kuiacha dukani, na senti zake akaziona zikiingia kwenye mwanya.

Kwa hiyo naumia nikisikia mzazi amesubiri hadi Wiki Takatifu, akachomoa noti ya dola ishirini na kuisokomeza kwenye boksi ili mtoto asiende mikono mitupu. Fedha hizo zitamfaa mwenye njaa, sikatai. Mtoto ndiye aliyekosa kitu. Na shule zinazobandika ukutani jedwali la darasa lililokusanya zaidi zingesoma tena Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6, ile inayosema ukitoa sadaka usipige panda, yaani tarumbeta, mbele yako. Watoto waliisikia asubuhi ileile walipopakwa majivu.

Masanduku yakirudi, fedha hugawanywa. Asilimia 75 huenda kwenye miradi ya CRS, na asilimia 25 hubaki katika jimbo Katoliki la mahali hapo kusaidia kazi za kupambana na njaa na umaskini hapohapo, zikiwemo ghala za chakula cha bure. Kwenye foleni ya ghala kama hizo wamo wakimbizi waliofika karibuni, wengine wakizungumza Kiswahili cha Kongo. Mtoto wao akiwa kwenye shule ya parokia, naye hupewa karatasi yake ngumu siku ya majivu, akaenda nayo nyumbani kuikunja.