Kurudi nyumbani kutoka ughaibuni wakati wa janga: maswali na majibu kuhusu karantini

Anayeishi na kufanya kazi nchi ya mbali harudi nyumbani wakati wa janga kwa matembezi. Mkataba umekatishwa, kibali cha kuishi kinakaribia kwisha, au mzazi anaumwa. Akifika, badala ya kwenda moja kwa moja kwa jamaa zake, anaelekezwa karantini. Majibu haya yanatumia zaidi mfano wa UVIKO-19, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutaja kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Masharti hutofautiana kwa ugonjwa na kwa nchi, ila sababu zilizo nyuma yake ni zilezile.

Siumwi, na kipimo changu ni hasi. Kwa nini bado niwekwe karantini?

Kwa sababu kipimo kinaeleza hali yako ya saa ile sampuli ilipochukuliwa, basi. Virusi vikiingia mwilini huhitaji siku kadhaa kuzaliana kabla ya kipimo kuweza kuvinasa. Kwa UVIKO-19 ya mwanzo, dalili zilijitokeza kwa wastani siku ya 5 au ya 6 baada ya kuambukizwa, na kwa wachache zilichelewa hadi siku ya 14. Nchi nyingi zilidai kipimo cha PCR (cha maabara, kinachotafuta vinasaba vya virusi) kilichofanywa ndani ya saa 72 kabla ya safari. Sasa fikiria yanayotokea katika saa hizo 72: unawaaga marafiki, unapanga foleni uwanja wa ndege, unakaa saa nyingi kwenye ndege iliyojaa. Unaweza kuambukizwa jana na leo ukawa na cheti safi mkononi.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mwenye virusi vya korona anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaona dalili yoyote, na wapo wasioona dalili kabisa. Kwa hiyo kujisikia mzima si ushahidi wa kutosha. Afisa anayekuelekeza karantini hakushuku wewe kama mtu. Anahesabu siku ambazo ugonjwa unaweza kuwa umejificha.

Karantini na kutengwa ni kitu kimoja?

Hapana. Karantini ni ya mtu asiye na dalili ambaye huenda ameambukizwa. Kutengwa ni kwa aliyekwisha kuthibitika au anayeonyesha dalili. Makundi haya mawili hayapaswi kuchanganywa. Ukipangiwa chumba kimoja na mtu anayekohoa na mwenye homa, kataa kwa heshima na umwite mhudumu wa afya mara moja.

Kwa nini wengine walikaa siku 14, wengine 10, wengine 21?

Idadi ya siku hufuata muda ambao ugonjwa hujificha mwilini. Utafiti wa mwanzoni mwa 2020 ulikadiria kuwa kati ya watu 100 wanaopata dalili za UVIKO-19, wapatao 97 huwa wameziona ndani ya siku 11 na nusu. Siku 14 ni muda huo pamoja na akiba kidogo. Ebola huweza kujificha hadi siku 21, ndiyo maana aliyekaribiana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku hizo zote.

Baadaye nchi kadhaa zilifupisha muda kwa kumpima msafiri tena akiwa ndani ya karantini. Kipimo cha siku ya 5 au ya 7 huwanasa wengi ambao kile cha kabla ya safari kiliwakosa. Nyingine zilirefusha: Hong Kong iliwahi kudai siku 21 hotelini kwa waliotoka nchi ilizoziona za hatari.

Uliza pia hesabu inaanzia wapi. Mara nyingi siku ya kuwasili huhesabiwa kuwa siku ya sifuri, na watu wengi huanza kufungasha mizigo siku moja kabla ya wakati. Omba uandikiwe tarehe na saa ya kutoka.

Nchi yangu mwenyewe inaweza kunizuia kuingia?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 12, unasema mtu asinyimwe kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Serikali inaweza kuweka masharti ya afya, lakini masharti hayapaswi kuwa ukuta. New Zealand iligawa nafasi za karantini kwa bahati nasibu ya mtandaoni, na raia wengi wakakwama nje kwa miezi. Aprili 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa utaratibu huo ulibana haki ya baadhi ya raia kurudi kwao kuliko inavyoweza kuhalalishwa.

Jiandikishe ubalozini mapema, na ombi lolote la kupewa kipaumbele lipeleke kwa maandishi pamoja na vielelezo: barua ya hospitali, tarehe ya kwisha kwa kibali, barua ya mwajiri.

Nani analipia?

Hapa watu wengi wameumia. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ibara ya 40, zinaelekeza kuwa msafiri asitozwe gharama za karantini, isipokuwa anayekuja kuomba ukaazi. Hata hivyo nchi nyingi zilitoza raia wake. Uingereza, ilipoanza karantini ya hotelini Februari 2021, ilidai pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Mfanyakazi aliyepoteza kazi na kurudi mikono mitupu anazipata wapi fedha hizo? Naamini karantini inayomlinda kila mtu ilipaswa kulipiwa na umma. Mpaka hilo likubalike, uliza kabla ya kukata tiketi kama kuna msamaha au malipo ya awamu.

Nikiwa ndani, nina haki zipi?

Ibara ya 32 ya kanuni hizohizo inataka msafiri atendewe kwa utu: apewe chakula na maji ya kutosha, malazi, matibabu yanayofaa, ulinzi wa mizigo yake, na njia ya kuwasiliana kwa lugha anayoielewa. Jinsia yake, dini yake na utamaduni wake viheshimiwe.

Kinachosahaulika zaidi ni maradhi ya kawaida. Kisukari, shinikizo la damu, pumu na ujauzito haviendi likizo kwa sababu ya janga. Vitaje siku ya kwanza, usisubiri dawa ziishe. Beba akiba ya wiki tatu zaidi ya muda wa safari, zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na ziwe kwenye begi la mkononi.

Upweke nao ni suala la afya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2020 yalionyesha kuwa kinachowaumiza watu zaidi karantini ni pamoja na kurefushwa kwa muda, kukosa taarifa na kukosa mahitaji. Ukikosa usingizi siku kadhaa mfululizo au ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie mhudumu siku hiyohiyo.

Nimeruhusiwa karantini ya nyumbani, na mama yangu ni mzee. Nifanyeje?

Kama kuna namna, usilale nyumba moja naye. Tafuta chumba kwingine, au yeye ahamie kwa ndugu kabla hujafika. UVIKO-19 iliua wazee kuliko kundi lolote la umri, na wengi waliambukizwa na watu wanaowapenda.

Ikishindikana, kaa chumba chenye dirisha la kufunguka nje, mlango ukiwa umefungwa. Chakula kiachwe mlangoni. Choo na bafu vitumie mwisho, fungua dirisha, safisha, toka. Barakoa ivaliwe na pande zote mbili mnapolazimika kukaribiana, kwa kuwa virusi hivi husambaa hasa kwa hewa na kuosha vyombo peke yake hakutoshi. Kutoka uwanja wa ndege usipande gari la abiria; akuchukue mtu mmoja tu, nawe ukae kiti cha nyuma, madirisha wazi. Sherehe ya kukupokea isubiri karantini iishe.

Familia inayoishi chumba kimoja haiwezi kutenganishwa kwa maneno. Hapo wote huingia karantini pamoja, na akiugua mmoja, hesabu ya wengine huanza upya.

Msiba ukitokea nikiwa karantini?

Omba ruhusa maalumu papo hapo, kwa maandishi. Baadhi ya nchi ziliruhusu mtu kwenda kuzika kwa saa chache baada ya kupimwa, akisindikizwa. Usitoroke: mazishi hukusanya watu wengi, wazee wakiwemo.

Nimechanjwa. Bado yananihusu?

Chanjo hupunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa, lakini haizuii maambukizi yote. Nchi nyingi ziliwalegezea waliochanjwa, kila moja kwa orodha yake ya chanjo. Jina kwenye cheti lilingane na la pasipoti, na masharti ya nchi unakobadilishia ndege yaangalie pia.

Nikipata homa?

Piga simu, usitoke. Eleza ulikotoka na lini. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua yasiyokoma, kuchanganyikiwa, au midomo kugeuka bluu ni dharura. Na kama umetoka au umepita eneo lenye malaria, dai kipimo cha malaria siku hiyohiyo, hata kama kila mtu anazungumzia janga tu. Malaria hatari hujitokeza kuanzia takriban siku ya 7 baada ya kuumwa na mbu, yaani katikati kabisa ya karantini yako, na inaweza kuua kabla majibu ya kipimo kingine hayajarudi.